Milimita Tatu za Distributa

Legeza boliti za distributa kwenye injini ya Toyota 4A-FE, sogeza mwili wake milimita tatu, kaza tena. Cheche za plagi zote nne zimehama digrii 10 za krenki. Hesabu yake ni fupi. Distributa yenye upana wa milimita 70 ina mzingo wa milimita 220, na mzingo huo ukiugawa kwa 360 unapata milimita 0.61 kwa kila digrii. Lakini distributa huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo kila digrii yake moja ni mbili za krenki. Milimita moja ya mkono wa fundi ni digrii 3.3, na tatu ni kumi.

Nimeichagua 4A-FE kwa sababu ukoo wake umejaa barabarani kwetu. Yenyewe ina ujazo wa cc 1,587, silinda za milimita 81 na mwendo wa pistoni wa milimita 77. Ndugu yake 5A-FE, ya cc 1,498, ndiyo iliyo chini ya boneti za Corolla nyingi zinazoitwa AE100 na AE110, na mwendo wa pistoni ni huohuo. Kipimo cha kiwandani kwa zote mbili ni kimoja: cheche ya silinda namba moja iwake digrii 10 kabla ya pistoni kufika kileleni, injini ikiwa ya moto na ikizunguka polepole gari likiwa limesimama, huku matundu ya TE1 na E1 ya kisanduku cha uchunguzi yameunganishwa. Sharti la TE1 na E1 ndilo linalosahaulika zaidi, na nitalirudia.

Injini iliyosukwa upya ina shida ambayo injini iliyochoka haina. Ile iliyochoka, hata kama inakula oili, bado ina alama zilezile ilizotoka nazo kiwandani. Iliyofumuliwa imevuliwa mkanda, pulii, kava la mkanda, silinda hedi na distributa. Mara nyingi kimojawapo kimerudi kikiwa si kilekile: pulii imenunuliwa kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, kava limetoka kwenye injini nyingine, hedi imepunguzwa mashineni. Alama zipo, zinasomeka, na zinaweza kuwa za uongo.

Kwanza tuone digrii moja ina maana gani kwa muda. Kanuni inayofaa kukaririwa ni kuzidisha mizunguko ya dakika kwa 6, unapata digrii kwa sekunde. Injini ikiwa kwenye 750, krenki inapita digrii 4,500 kila sekunde. Ikiwa kwenye 3,000, inapita 18,000, na digrii moja inachukua sekunde 0.000056. Mchanganyiko wa hewa na petroli hauwaki wote kwa mkupuo. Moto unaanzia kwenye plagi, katikati ya silinda, na unatembea karibu milimita 40 hadi ukutani. Cheche ikitoka digrii 30 kabla ya kilele na mgandamizo ukafikia upeo digrii 15 baada ya kilele, hizo ni digrii 45, yaani sekunde 0.0025 kwenye mizunguko 3,000. Ni mwendo wa kama kilomita 58 kwa saa, ndani ya chumba kidogo kuliko kikombe cha chai. Pistoni haisubiri. Ndiyo maana cheche lazima itangulie, na ndiyo maana kiasi cha kutangulia kinapimwa kwa digrii.

Upeo huo wa mgandamizo ndio unaosukuma gari. Ukitokea digrii 10 hadi 15 baada ya kilele, konrodi iko kwenye pembe nzuri ya kuisukuma krenki. Ukichelewa, moto unaendelea kuwaka wakati pistoni imeshashuka, nguvu inatokea ekzosi ikiwa joto, na injini mpya inachemka bila sababu inayoonekana. Ukiwahi mno, mgandamizo unakutana na pistoni ambayo bado inapanda.

Sasa nije kwenye desturi ninayoiona kuwa ghali kuliko zote: kutega taimingi kwa sikio. Fundi anawasha injini, analegeza distributa, anaizungusha taratibu akisikiliza mpaka muungurumo uwe laini, anakaza. Sikio la fundi mzoefu si la kudharauliwa, linatambua valvu iliyolegea na beringi inayoanza kuchoka. Lakini hapa linapima kitu kingine kabisa. Gari likiwa limesimama, silinda inapata mchanganyiko kidogo sana uliochanganyika na moshi uliobaki, na mchanganyiko wa namna hiyo huwaka polepole. Kwa hiyo injini ingependa cheche mapema sana, digrii 25 au hata 30. Kila ukiiwahisha, mizunguko inapanda na sauti inatulia. Sikio linasema "ongeza", na litaendelea kusema hivyo mpaka umepita mbali na 10. Kiwanda kiliweka 10 kwa kuangalia na mambo mengine: injini iwake kirahisi bila kupiga kinyume, na hewa chafu ipungue.

Tuseme fundi amesimama kwenye 19. Mjini, kwenye foleni, dereva atafurahi. Kisha gari linapakia watu wanne na mizigo na kupanda mlima wa Kitonga. Ekseleta iko chini, silinda zimejaa, moto unakimbia kuliko ulivyokimbia gari likiwa limesimama, na zile digrii 9 za ziada zinafanya sehemu ya mchanganyiko ambayo moto haujaifikia ilipuke yenyewe. Wimbi la mgandamizo linagonga ukuta huu na ule wa silinda karibu mara 7,000 kwa sekunde, na dereva anasikia sauti kama ya kokoto zinazotikiswa kwenye kopo. Dakika chache za hali hiyo chini ya mzigo zinatosha kuvunja ngazi za pistoni zinazoshika ringi. Hapo gharama yote ya kusuka injini, pistoni, ringi, gasketi na mashine, inarudi mwanzo.

Mwinuko wa nchi unaficha kosa hili. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani. Injini iliyotegwa kwa sikio na kujaribiwa kwenye milima ya Mbeya inaweza isigonge hata kidogo. Ishushe Dar es Salaam, kila silinda inavuta hewa yenye mgandamizo mkubwa kwa zaidi ya asilimia 20, na kugonga kunaanza. Mwenye gari atalaumu petroli ya kituo alichojazia njiani. Injini iliyowekwa kwa kipimo haina tatizo la kuhama mkoa, kwa sababu 10 ya Mbeya ndiyo 10 ya Dar.

Kupima, basi. Kabla ya taa ya taimingi kuna swali moja ambalo lisipojibiwa taa haina maana: kilele cha kweli kiko wapi? Njia iliyozoeleka ni kufungua plagi ya namba moja, kutumbukiza bisibisi ndefu, kuzungusha krenki kwa mkono na kutazama bisibisi inapoacha kupanda. Nimeifanyia hesabu njia hii kwa vipimo vya 4A-FE, yaani nusu ya mwendo wa pistoni ni milimita 38.5 na konrodi ni milimita 122, na majibu yake yanapaswa kubandikwa ukutani katika kila gereji.

Krenki ikipita kilele kwa digrii 1, pistoni imeshuka milimita 0.008. Ikipita kwa 2, imeshuka 0.03. Kwa digrii 5 nzima, imeshuka milimita 0.19 tu. Hakuna jicho litakaloona bisibisi ikishuka sehemu ya tano ya milimita, tena bisibisi inayoyumba ndani ya tundu. Maana yake fundi anayetafuta kilele kwa bisibisi, hata akiwa mwangalifu kiasi gani, amebeba kosa la digrii 5 upande wowote. Akitegemea kilele hicho kuweka 10, anaweza kuwa ameweka 5 au 15 na taa ikamwambia yuko sawa.

Dawa yake haihitaji mashine. Chukua plagi kuukuu ya uzi wa milimita 14, toa kauri yake, ingiza boliti yenye ncha ya mviringo iliyolainishwa, ikae imara. Hicho ni kizuizi. Kifunge kwenye tundu la plagi namba moja pistoni ikiwa chini, kisha zungusha krenki kwa mkono, taratibu, mpaka pistoni iguse kizuizi. Piga alama kwenye pulii mkabala na sifuri ya kava. Zungusha kinyume mpaka iguse tena, piga alama ya pili. Kilele cha kweli kiko katikati ya alama hizo mbili. Plagi nyingine zote ziwe zimetolewa, na waya wa betri umefunguliwa ili mtu asije akapiga starta, kwa sababu starta itatoboa pistoni.

Ubora wa njia hii uko kwenye mahali pa kugusia. Tuseme kizuizi kinaigusa pistoni digrii 30 kutoka kileleni, ambapo imeshuka karibu milimita 6.7. Hapo pistoni inasogea milimita 0.43 kwa kila digrii, zaidi ya mara 50 ya ilivyosogea kwenye digrii ya kwanza baada ya kilele. Kosa la milimita 0.1 kwenye mguso linakuwa robo ya digrii. Kwenye pulii yenye upana wa milimita 130, digrii moja ni milimita 1.13 ukingoni, kwa hiyo alama mbili zitaachana karibu milimita 68. Pima 34, piga mstari kwa msumeno mwembamba, upake rangi nyeupe. Kazi hii ni ya nusu saa, na sioni sababu ya kuiruka kwenye injini iliyokaa benchi wiki nzima.

Mstari mpya usipolingana na ule wa kiwandani, usishangae. Pulii nyingi zina ukanda wa mpira kati ya kitovu na pete ya nje. Miaka ikipita, mpira unalegea na pete inateleza. Alama iko kwenye pete, ufunguo wa krenki uko kwenye kitovu. Ikiteleza milimita 6, taimingi inasomeka zaidi ya digrii 5 pembeni.

Silinda namba moja na namba nne hupanda pamoja. Mzunguko kamili wa kazi ni digrii 720, na pistoni namba moja inafika kileleni mara mbili ndani yake, mara moja kwa kubana na mara moja kwa kutoa moshi. Weka kidole kwenye tundu la plagi. Hewa ikikisukuma, ndiyo safari ya kubana. Ukikosea hapo, distributa itaelekea namba nne, na injini itapiga chafya au isiwake kabisa. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2.

Tuje kwenye taa. Kwenye mizunguko 750, silinda namba moja inawaka mara 6.25 kwa sekunde, na taa iliyobanwa kwenye waya wa plagi hiyo inamulika mara hizohizo, ndiyo maana alama inaonekana imesimama. Injini iwe imefikia joto la kazi, feni na vitu vingine vya umeme vimezimwa. Kisha ile habari ya TE1 na E1. Kwenye kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti, unganisha matundu hayo kwa kijiwaya. Kompyuta inaacha kuongeza digrii zake na kubaki kwenye kipimo cha msingi. Bila kijiwaya, kompyuta inasogeza cheche kadiri inavyoona inafaa. Chukua mfano: kompyuta imeongeza 6, alama inasomeka 16. Fundi asiyejua anasema imezidi, anazungusha distributa mpaka isome 10. Ameishusha injini hadi msingi wa 4, na upungufu huo wa digrii 6 utafuatana na gari kwenye kila mwendo, kwa sababu kompyuta inahesabu kila kitu kuanzia kwenye msingi inaoamini kuwa ni 10.

Ukitoa kijiwaya, alama isogee. Isiposogea, au ikikataa kutulia kijiwaya kikiwemo, tatizo haliko kwenye distributa. Kagua kwanza swichi ya IDL kwenye kihisi cha ekseleta, kwa sababu kompyuta haiwezi kuingia kwenye msingi kama haijui kwamba mguu umeachia.

Macho nayo yana kosa lake. Kama kati ya sifuri ya kava na ukingo wa pulii kuna nafasi ya milimita 5, na unachungulia ukiwa umeinama pembe ya digrii 20 kutoka mstari ulionyooka, alama inaonekana imehama milimita 1.8. Hizo ni digrii 1.6 zilizotoka kwenye shingo yako. Sogea mpaka utazame moja kwa moja. Na ukimaliza kukaza boliti, pima tena, maana mwili wa distributa ukizunguka milimita 0.3 wakati wa kukaza umepoteza digrii moja.

Je, 10 ya kiwandani bado ni sahihi kwa injini iliyochongwa? Swali hili ni la haki. Silinda moja ya 4A-FE ina cc 396.8, na kwa uwiano wa mbano wa 9.5 chumba cha moto kina cc 46.7. Hedi ikipunguzwa milimita 0.3, chumba kinapoteza cc 1.5 hivi kwa makadirio ya juu, na uwiano unafika 9.8. Silinda zikichongwa kwa pistoni za oversaizi ya 0.50, ujazo unakuwa cc 401.7 na uwiano, bila kugusa hedi, ni 9.6. Kila kimoja peke yake ni kidogo. Vyote viwili pamoja vinafika 9.9, na hapo injini inakaribia zaidi kugonga kwa petroli ileile. Pia hedi ikishuka, kamshafti inasogea karibu na krenki, mkanda unaichelewesha kama nusu digrii ya krenki, na distributa inayoendeshwa na kamshafti inafuata. Lakini tofauti hiyo taa itaionyesha, na utairekebisha. Ushauri wangu ni kuanza na 10 hata hivyo, na kushusha digrii 2 tu ikiwa injini inagonga kwenye mlima gari likiwa na mzigo. Digrii 2 ni milimita 0.6 kwenye distributa, kiasi kidogo kinachohitaji taa, si kukisia.

Fedha sasa. Injini ikiwa digrii 5 nyuma ya mahali inapotoa nguvu zaidi, inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu. Ikiwa 10 nyuma, karibu asilimia 4. Ikiwa 20 nyuma, karibu 13. Hasara haipandi kwa ngazi sawa, inakua kwa kasi kadiri unavyoenda mbali, na ndiyo sababu digrii moja au mbili hazisikiki wakati kumi zinauma.

Dereva wa teksi anayetembea kilomita 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anafikisha kilomita 3,900. Kwa lita moja kila kilomita 12, anatumia lita 325. Akipoteza asilimia 4, kazi ileile inamtaka lita 338.5, yaani lita 13.5 za ziada. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 40,600 kwa mwezi, na shilingi 487,500 kwa mwaka. Akiwa digrii 20 nyuma, ziada inakuwa lita 48.6 na shilingi 145,700 kila mwezi. Mwenye gari la nyumbani la kilomita 1,500 kwa mwezi, kwa kosa la asilimia 4, anapoteza lita 5.2, yaani shilingi 15,600. Hizo ni zile milimita tatu.

Taa ya kawaida ya taimingi inauzwa kati ya dola 20 na 50. Kwa kiwango cha mfano cha shilingi 2,600 kwa dola, ni shilingi 52,000 hadi 130,000. Ile ya bei ya juu inalipwa na teksi moja iliyorekebishwa digrii 10 kwa miezi mitatu na siku chache. Kizuizi cha pistoni kinatengenezwa kwa plagi ya kutupwa na boliti.

Kwa magari mapya zaidi, kama Vitz na IST zenye injini ya 1NZ-FE, hakuna distributa ya kuzungusha. Kila plagi ina koili yake na kompyuta inapokea habari kutoka kwenye kihisi cha krenki, kwa hiyo anayedai malipo ya kutega taimingi ya plagi kwenye injini hiyo aulizwe anazungusha nini. Kinachoweza kukosewa huko ni cheni, na hiyo ni kazi nyingine.

Kwenye 4A-FE na ndugu zake, mwenye gari anapokabidhiwa injini iliyosukwa upya aombe vipimo vitatu vilivyoandikwa kwenye risiti: umbali kati ya alama mbili za kizuizi na mahali ulipopigwa mstari wa katikati, taimingi iliyosomeka TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa, na mizunguko ya injini wakati wa kusoma. Kilomita 1,000 za kwanza zikiisha, gari linaporudi kubadilishwa oili, taa ibanwe tena kwenye waya ule wa namba moja na vipimo vilinganishwe. Vikitofautiana zaidi ya digrii 2, boliti ya distributa imelegea au mkanda haukuvutwa sawasawa, na vyote viwili vinakaguliwa siku hiyohiyo kabla gari halijatoka gereji.